Tryphosa Nyakerario Anyona, Mwalimu wa Afya Aliyetaka Ugonjwa Wake Utajwe

Tryphosa Nyakerario alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, katika kijiji cha Riamakana karibu na soko la Marani, Kitutu Chache. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Jeconia Momanyi na marehemu Bitutu, wakulima wa majani chai na ndizi na Waadventista wa siku nyingi. Mama yake alikuwa ameshavaa nguo za kanisani uchungu ulipomshika, na hadi uzeeni alipenda kumtania kwamba yeye ndiye mtoto pekee aliyemfanya akose Sabato. Tryphosa alijibu kwamba hakualikwa, alijileta mwenyewe, na aliyejileta hachagui siku.

Alisoma shule ya msingi pale pale Marani kuanzia mwaka 1971. Wazee waliosoma naye wanakumbuka siku wachanjaji walipokuja shuleni. Watoto wote walichanjwa, wakashika mikono yao na kukimbilia kivulini. Tryphosa alirudi akapanga foleni tena. Mwalimu alipomshika na kumuuliza kama anaipenda sindano, alisema alitaka kuona kama yule bwana atanawa mikono akimaliza darasa la kwanza na kuanza la pili. Alichapwa kwa utovu wa adabu. Alipofika nyumbani hakusema kwamba amechapwa, alisema, "Hakunawa."

Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1977 na kujiunga na shule ya sekondari ya wasichana ya bweni, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1981. Mwaka 1983 alikubaliwa katika chuo cha mafunzo ya afya, akahitimu cheti cha afya ya umma mwaka 1985. Mwaka uliofuata serikali ilimrudisha Kitutu Chache, kwao, akiwa na baiskeli, koti la kaki na agizo moja: kila boma liwe na choo.

Ni lazima lielezwe hapa jambo ambalo wageni wetu kutoka nje ya Gusii huenda hawalijui, kwa sababu maisha ya Tryphosa yote yalizunguka jambo hilo. Sisi tuna chinsoni. Ni heshima ya kuoneana haya baina ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto, na zaidi sana baina ya wakwe. Mke wa mwana haingii chumba cha kulala cha baba mkwe wake, hakai alipokaa, na kwa hakika haingii choo alichotoka yeye. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawatazamani miili, hata kwa bahati mbaya. Tryphosa alijua haya kabla hajajua kusoma. Lakini chuoni alifundishwa viini, mabomba na vipimo vya shimo, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyemfundisha kuuliza ni nani atakayetumia shimo lenyewe. Alirudi kwao akiwa ameacha chinsoni kwenye lango la chuo.

Basi mwaka ule wa 1986 vyoo vilichimbwa. Mkuu wake alifurahi. Na kuhara kukabaki pale pale, na kijito kilichopita chini ya migomba kikaendelea kuwapeleka watoto zahanati. Siku moja Tryphosa aliingia boma la mzee mmoja aliyesifiwa kwa choo kizuri kuliko vyote katika kata. Alikuta mlango umefungwa kwa kufuli.

"Mzee, choo hiki ni cha nani?" aliuliza.

"Cha serikali," mzee akajibu kwa fahari. "Kilifunguliwa ulipokuja mara ya kwanza. Leo umekuja tena, nitakufungulia."

Alifungua. Ndani kulikuwa na magunia ya mahindi, na kuku alikuwa amelalia mayai juu ya kifuniko cha shimo. Hakikuwa kimewahi kutumika. Tryphosa alikasirika, akaenda jikoni kumkaripia mke wa mwana wa mzee huyo, msichana wa umri wake. Yule msichana alimsikiliza hadi mwisho, akipepeta wimbi.

"Dada, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wewe hujaolewa, eh?"

"Hayo yanahusu nini?"

"Yanahusu. Baba mkwe akitoka mle, mimi niingie? Nichutame alipochutama, na pale bado pana joto?" Akapepeta tena. "Nenda kaolewe kwanza, halafu urudi unifundishe choo."

Tryphosa alikuwa akisimulia kisa hiki kila alipofungua mafunzo mapya, na kila mara alicheka yeye kwanza. Lakini siku ile hakucheka. Alitembea kwa miguu akiisukuma baiskeli hadi sokoni, kisha kesho yake akaanza kazi upya. Alikwenda bomani akakaa. Alimenya ndizi na wanawake, akauliza nani anakwenda wapi, saa gani, na nani hawezi kumfuata nani. Kisha akafundisha kwamba boma lenye wana waliooa lichimbe vyoo viwili, kimoja upande wa juu wa wazee, kingine upande wa chini wa vijana, na njia zake zisikutane. Wazee walikubali bila ubishi, kwa sababu hakuwaambia waache heshima, aliwaambia waijengee nyumba.

Wakubwa wake ndio walikataa. Aliitwa ofisini akaambiwa kwamba lengo ni choo kimoja kwa boma, kwamba viwili vinaharibu hesabu, na kwamba afisa wa serikali hatumwi kustawisha mila. Alisimama pale akajibu kwamba hesabu yao ilikuwa imekamilika na watoto wanakufa. Alionywa rasmi. Hakuomba radhi. Miaka michache baadaye wakubwa wengine walikuja na mpango wa vyoo viwili, wakauita ushirikishaji wa jamii, na hakuna aliyekumbuka kumwita Tryphosa kwenye sherehe ya uzinduzi. Watoto wa njiani tu ndio waliokumbuka, na walimpa jina ambalo alilibeba hadi kifo: Daktari wa Choo.

Mwaka 1988 alihamishiwa Nyansiongo, katika mashamba ya zamani ya walowezi, kwenye mahindi, chai na ng'ombe wa maziwa. Huko alikagua zizi la kijana aliyeitwa Anyona, akakuta maji ya zizi yanateremka moja kwa moja mtoni. Alimpa onyo kali. Aliporudi, mtaro ulikuwa umechimbwa. Akarudi tena, ukawa umejengwa kwa mawe. Aliporudi tena, Anyona alimsimamisha mlangoni.

"Afisa, mtaro uko sawa, choo kiko sawa, ndoo za maziwa nimezianika juani. Leo unakagua nini?"

"Nakagua kama utaendelea hivyo."

"Nitaendelea. Lakini njia ya kuhakikisha ni kuhamia hapa."

Walifunga ndoa kanisani Jumapili, tarehe 16 Desemba 1990. Kabla bibi harusi hajaletwa, baba yake Anyona alikuwa ameshachimba choo cha pili, mbali kabisa na cha kwanza, akiwaambia majirani kwamba hataki kutajwa na mkamwana wake kwenye baraza la chifu. Walijaliwa watoto watatu: Bitutu, Nyasani na Valentine. Alikuwa mke wa maneno makali na chakula kizuri, na Anyona amesema mara nyingi wiki hii kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kunywa maji ambayo hayajachemshwa, hata alipotaka.

Kuanzia mwaka 2003 Tryphosa alifundisha wahudumu wa afya ya jamii katika vijiji vya Borabu na kwingineko Nyamira. Ualimu wake ulikuwa na sheria moja iliyowaudhi vijana waliotoka chuoni. Mhudumu aliyekwenda boma kwa mara ya kwanza hakuruhusiwa kufundisha chochote. Alitakiwa aketi, asalimiwe, aulizwe yeye maswali: wa nani, ameoa wapi, anaabudu wapi. "Wakishajua wewe ni nani kwao," aliwaambia, "watajua ni kitu gani hawawezi kukuambia. Hicho usichoambiwa ndicho ugonjwa wenyewe."

Katika miaka hiyo zahanati ya kijiji chetu ilikuwa na muuguzi aliyetoka kwa jirani zetu wa upande wa ziwa, Sista Pam Apiyo. Ndiye aliyeanzisha hapa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kipimo cha siki. Wanawake walimwendea kwa wingi. Tryphosa mwenyewe alipimwa naye mwaka 2012, akawa mzima, akaambiwa arudi baada ya miaka mitano.

Kisha ugatuzi ukaja, na ukaja na wimbo wake: watoto wetu waajiriwe kwao. Wimbo huu hatukuletewa na watu wa mbali. Tuliuimba sisi wenyewe katika kila baraza, na marehemu, ambaye hakuficha jambo lake lolote, angetaka isemwe kwamba yeye alikuwa mstari wa mbele. Aliongoza wajumbe waliotaka nafasi ya zahanati ipewe mtoto wa hapa. Alikuwa na sababu nzuri. Vijana wetu walikuwa wamesoma na wamekaa. Mwaka 2014 Sista Apiyo alihamishwa, akaangukia kituo kimoja cha afya huko Marani, Kitutu Chache, na mwaka 2015 tukaletewa afisa wa kliniki, Makori, kijana wa hapa hapa, mpole na hodari, ambaye hadi leo hakuna mgonjwa amewahi kumlalamikia kazi yake. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mafunzo ya kile kipimo cha wanawake.

Hakuna aliyefikiri. Yule muuguzi wa ziwani hakuwa mkwe wa mtu, wala mwana wa mtu, wala shemeji wa mtu. Makori alikuwa mwana wa kila mama wa kijiji. Wanawake waliacha kwenda. Hawakugoma, hawakulalamika, waliacha tu, na walipoulizwa walisema hawana nafasi. Na mwaka 2017, mwaka ule ule ambao Tryphosa alitakiwa kupimwa tena, Makori alikuja na wazee wake kumposa Bitutu. Walipendana, wazazi walifurahi, ng'ombe walitolewa. Chumba cha uchunguzi kilikuwa kimoja, mhudumu mmoja, na sasa mhudumu huyo alikuwa mkwe wake.

Alisema atakwenda Kisii. Kila mwaka alisema. Mwaka mmoja wahudumu walikuwa kwenye mgomo, mwingine korona ilikuwa imefunga njia, na siku alizofika mjini alikuta chumbani mwanafunzi wake wa zamani akimkaribisha, "Mwalimu! Karibu, Mama," naye akasema amepita kusalimia tu. Alikuwa akiwahimiza wanawake wa kaunti nzima wakapimwe. Aliwahimiza kwa moyo wote, na wengi waliopona wako hapa leo.

Alianza kutokwa na damu mwezi Septemba 2023, akiwa amekoma hedhi miaka mingi. Aliendelea na kazi hadi alipostaafu Machi 2024. Bitutu, aliyekuja kumsaidia kuhamisha vitu vyake kutoka ofisini, ndiye aliyeona nguo zilizofuliwa na kuanikwa ndani ya nyumba wakati nje kuna jua.

"Mama, umepimwa lini?"

"Mimi? Mimi ndiye ninayewapeleka watu."

"Sikuuliza unawapeleka nani. Umepimwa lini?"

Tryphosa alikunja shuka.

"Nimwite Makori?"

"Mlete Makori humu ndani, na mimi nitatokea dirishani."

Bitutu hakucheka. Alikaa kitandani akasema kwa upole kwamba Sista Apiyo bado anafanya kazi, na kwamba kutoka Nyansiongo hadi huko si safari ya ng'ambo. Walikwenda mwezi Mei. Apiyo alimtambua mlangoni.

"Mwalimu Tryphosa! Si nyinyi mlinifukuza?"

"Tulikufukuza. Sasa nimekufuata."

Apiyo alicheka kwa sauti, akamshika mkono akamwingiza chumbani. Alipotoka baada ya kipimo alikuwa hacheki tena. Vipimo vilivyofanywa Kisii vilithibitisha saratani ya mlango wa kizazi, iliyokwisha kuenea. Juni hadi Septemba alitibiwa kwa mionzi na dawa huko Eldoret, akarudi amekonda, akarudi na nguvu kidogo.

Nguvu hiyo kidogo hakuitumia kupumzika. Mwezi Januari mwaka huu alisimama kwenye kikao cha kuchukua maoni ya wananchi pale Nyansiongo, akiwa amejifunga leso kichwani kuficha nywele zilizokatika, akataka siku moja kila juma Makori aende kituo cha Apiyo, na Apiyo aje kwetu.

Afisa aliyeongoza kikao alitabasamu. "Mama, mganga hana jinsia."

"Mganga hana. Mkwe anayo."

Ukumbi ukacheka. Sauti moja ikapaa kutoka nyuma: "Na watoto wetu waende wapi, Daktari wa Choo? Ni wewe uliyetuambia wageni waondoke!"

"Ni mimi," alisema. "Nilikosea, na ninawaambia mkiwa wote. Mtoto wetu ni mganga mzuri, na mimi sitavua nguo mbele yake, na wewe uliyepiga kelele, mama yako pia hatavua. Basi mpeni Marani siku moja. Huko naye atakuwa mgeni, wanawake wa huko watapona mikononi mwake."

"Na yule wa ziwani tukimleta, ataolewa hapa, shida irudi!" mwingine akachokoza.

Sista Apiyo, aliyekuwa amealikwa, alijibu mwenyewe kutoka benchi la pembeni: "Mume ninaye, na anakula sana. Msiniongezee mwingine."

Marani iko kaunti nyingine, na mambo yaliyopaswa kuamuliwa kwa simu moja yalichukua miezi. Mwishowe walikubali majaribio kuanzia Mei hadi Jumanne ya mwisho ya Agosti. Kama wanawake hawatajitokeza, waliandika, mpango utafungwa kwa kukosa uhitaji. Kukosa uhitaji! Watu waliojenga chumba kimoja chenye mlango unaotazama soko, wakaweka humo mhudumu mmoja, wakamchagua kwa ukoo wake, kisha wakaona kimya cha wanawake wakakiita afya njema, leo wanataka uhitaji uwaoneshe kitambulisho. Tusidanganyane kwamba mila ilimuua Tryphosa. Chinsoni imekuwapo miaka yote, na alipochimba vyoo viwili haikumuua mtu. Huduma inayomlazimisha mwanamke kuchagua kati ya uhai wake na heshima yake haijakamilika, hata kama ukuta wake umepakwa rangi.

Jumanne ya kwanza Apiyo alikaa peke yake tangu asubuhi hadi saa za kufunga. Jumanne zilizofuata walikuja wachache, wengi wao kutoka mbali. Wanawake wa hapa walijua kwamba Tryphosa anaumwa, lakini hakuna aliyejua anaumwa nini. Walikuwa wameambiwa ni vidonda vya tumbo.

Ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Kuanzia mwezi Juni hakutoka kitandani. Makori ndiye aliyemtafutia dawa ya maumivu, ile ya maji inayopimwa kwa uangalifu, na kwa kuwa hakuweza kuingia chumbani kwa mama mkwe wake aliyelala, aliweka kiti nje, chini ya dirisha, na kuhudumu kutoka huko. Bitutu alisimama katikati kama mkalimani, ingawa ukuta ule wa mabanzi haukumzuia mtu kusikia.

"Bitutu, mwambie Mama ameze kipimo cha kwanza tu."

"Mama, anasema umeze cha kwanza."

"Mwambie Makori nimeshameza, yeye anachelewa."

"Anasema umechelewa."

"Mwambie Mama pole."

"Mwambie aje kesho mapema. Na mwambie kiti hicho kina mguu mbovu, asije akaanguka akakosa kunitibu."

Waliishi hivyo majuma kadhaa, mkwe na mkwe, bila kuonana hata siku moja, na Tryphosa alisema hakuwahi kuhudumiwa vizuri kuliko hivyo.

Katika siku hizo aliieleza familia haja yake, akairudia mbele ya mumewe, watoto wake na mchungaji. Alitaka wasifu wake utakaposomwa usiseme aliugua kwa muda. Alitaka utaje saratani ya mlango wa kizazi, na utaje kwa nini hakupimwa. Mchungaji alipomuuliza kwa nini kaburini na si barazani, alimwambia kwamba barazani huja wanaotaka, lakini mazishini hakuna anayekosa, hata anayekudai.

Tryphosa alilala nyumbani kwake Nyansiongo, Jumapili asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2025, Bitutu akiwa ameshika mkono wake na Makori akiwa nje kwenye kiti chake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Kamati ya mazishi ilipokaa, shemeji yake Manasseh, kaka mkubwa wa Anyona na mwenyekiti wa kamati, alikataa haja hiyo. Si vyema kuficha kwamba alikataa, kwa kuwa wengi mlisikia.

"Mahali hapo hapatajwi mbele ya watu," alisema. "Kuna wakwe hapa. Kuna wachungaji. Andikeni aliugua, Mungu anajua mengine."

"Kaka," Anyona akamjibu, na ni neno lake la kwanza siku hiyo, "yeye alisema."

"Alisema akiwa mgonjwa. Sisi ni wazima, tuna adabu zetu. Wanawe wataoa na kuolewa wapi, mama yao ametangazwa hivyo?"

Mtu alianza kuzungumzia hema na viti. Ndipo mke wa Manasseh, Abigael, aliyekuwa akigawa chai, aliiweka birika chini mbele ya mume wake. Abigael hana mazoea ya kusema mbele ya kamati.

"Mimi nilikwenda Jumanne," alisema.

Manasseh alimtazama. "Ulikwenda wapi?"

"Kwa yule Sista. Juzi, tulipotoka mochari. Bitutu aliniambia mama yake alikufa na nini. Nikasema nisiende kabla hajazikwa, watu watasema. Kisha nikasema, watasema nini nikizikwa mimi?" Alijifuta mikono kwenye kanga. "Sista ameona kitu. Kidogo. Amekitibu pale pale. Anasema ningekaa mwaka huu na ujao, ningekuwa kama Tryphosa."

Chai ilipoa kwenye vikombe. Manasseh, mzee wa watu, aliitazama birika. Aliposema, hakuzungumza na kamati, alizungumza na mkewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Hapatajwi."

Manasseh aliinuka, akavaa kofia yake. "Wasifu usomwe," alisema. "Wote, kama alivyosema mwenyewe. Mimi nitakaa huko nyuma kwenye mahindi, heshima yangu nibaki nayo. Lakini usomwe kwa sauti, nisikie."

Kwa hiyo unasomwa.

Marehemu ameacha mume wake, Anyona, watoto wake Bitutu, Nyasani na Valentine, mkwe wake Makori na mkamwana wake Margret, wajukuu wanne, shemeji yake Manasseh na mkewe Abigael, na ndugu zake wa Riamakana. Ameacha pia wahudumu wa afya aliowafundisha katika Borabu, Marani na kwingineko. Atazikwa leo, Alhamisi tarehe 21 Agosti 2025, nyumbani kwake, upande wa juu wa shamba.

Familia haiwaombi mashada ya maua. Mwenye mke ampe nafasi. Mwenye mama amwambie binti yake amsindikize. Sista Apiyo atakuwa zahanati Jumanne hii, tarehe 26, kuanzia asubuhi, na ndiyo Jumanne ya mwisho ya majaribio yao. Makori hatakuwapo, atakuwa Marani. Mlango umegeuzwa, sasa unafungukia upande wa migomba.

Bwana ampumzishe Tryphosa kwa amani hadi siku ya ufufuo. Sisi tukutane Jumanne.